Barua kwa Baba Amina: nimezirudia Terminator zote

Bombo, Jumapili jioni

Baba Amina ndugu yangu,

Salamu sana, umsalimie Mama Amina na watoto wote, na mzee mwambie tunamkumbuka kwenye dua. Huku tuko salama, mvua imeshika, sukari imepanda tena lakini tunasukuma tu.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike. Kijana wa jirani alinipa flashi ina filamu zote za Terminator, zile za mashine yenye umbo la mtu inayotumwa kutoka siku za mbele kuja kuua, kuanzia ile ya 1984 mpaka ile ya 2019, nikawa nazirudia usiku stima ikiwepo, na tangu nimalize kichwa hakijatulia kabisa, nikasema wa kumwandikia ni wewe maana ndiye tuliyekaa naye kwenye yale mabenchi.

Si unakumbuka kwenye kibanda cha video VJ, yule mtafsiri wa filamu, alivyokuwa anatupigia Kiganda juu ya kila kitu, jenereta nje inanguruma, kabalagala za ndizi mkononi, yeye Arnold Schwarzenegger anamwita Komando hata kwenye muvi ambayo sio ya Komando, na anatuambia fulani anakufa kabla hajafa. Tulimpenda na mimi bado nampenda, bila yeye tusingefuata chochote. Lakini safari hii nimevaa hedifoni, hakuna VJ, hakuna watu wanapiga mluzi, na nimeona kitu ambacho kule hakikutufikia: zile mbili za kwanza ni habari ya mama na mtoto. Mabomu yako, mashine iko, lakini swali linalosukuma yote ni huyu mtoto atalelewa na nani na atalelewaje.

Angalia ile ya kwanza. Ni muvi ya pesa kidogo, dola milioni 6 na kitu, James Cameron bado hajawa mtu, alikuwa Rome anaumwa homa akaota mwili wa chuma unatoka ndani ya moto, ndoto hiyo ndiyo ikazaa kila kitu. Hadithi yenyewe alimuuzia Gale Anne Hurd, mtayarishaji, kwa dola 1, sharti ni yeye Cameron aiongoze. Sasa sisi tulikuwa tunangoja lile lori la mafuta lilipuke, Sarah Connor na Kyle Reese, askari aliyetumwa kutoka mwaka 2029 kumlinda, wanakumbatiana wanadhani imeisha halafu mifupa ya chuma inainuka nyuma yao kutoka kwenye moto, kibanda kizima kinasimama. Na Kyle Reese alipokufa watu walikataa bana, stelingi hafi! Tukatoka nje tunabishana, mwisho wenyewe hatukuuangalia.

Huo mwisho uangalie. Sarah Connor yuko ndani ya jeep, mjamzito, amefika kituo cha petroli kule Mexico, anarekodi kaseti kwa ajili ya mtoto ambaye hajazaliwa, John, anajiuliza amwambie habari za baba yake Reese au asimwambie. Mtoto mmoja wa pale anampiga picha anamuuzia, na hiyo picha ndiyo Reese alikuwa anaibeba kule 2029. Yaani yule mwanaume alimpenda kwa picha iliyopigwa siku ambayo Sarah alikuwa anamwaza yeye. Mimi nilirudisha nyuma nikaiona tena.

Halafu ile ya pili, 1991, pesa sasa imefika kama dola milioni 100. Wote tunaikumbuka kwa ajili ya T-1000, mashine mpya ya chuma cha majimaji, yule Robert Patrick, na ni haki yake. Kuna pahali anapita kwenye nondo za ile hospitali ya wagonjwa wa akili, uso unagawanyika kwenye vyuma halafu unajirudisha, kifua kinapita, mkono unapita, halafu bastola inagonga nondo inakwama, inabidi aigeuze upande ndiyo ipite. Hiyo bastola ndiyo inafanya uamini yote. Kompyuta kwenye filamu nzima ni dakika kama 5 tu, kazi ya ILM, kampuni ya picha za kompyuta, mengi mengine ni mikono ya Stan Winston, fundi wa sura na mashine za bandia, na watu wake, na pale kiwandani wanapotokea Sarah wawili ujue wa pili ni pacha kabisa wa Linda Hamilton, mcheza Sarah, anaitwa Leslie. Wakapewa Oscar 4 na walistahili.

Lakini mahali niliposimamisha leptopu ni pale jangwani. Sarah amekaa anamwangalia John anaifundisha ile mashine ya Arnold, ambayo safari hii imetumwa kumlinda, kugonganisha viganja, na anawaza moyoni kwamba hii haitamwacha mtoto, haitalewa ikampiga, haitasema haina muda, na kati ya wanaume wote waliopitia kwa huyu mtoto hii ndiyo peke yake imetosha kuwa baba. Ndugu yangu, wewe unajua tulivyokua. Baba zetu walikuwa maafande, leo yuko hapa kesho ametumwa kaskazini, miezi inapita hamna habari, na akirudi unamwamkia kama mgeni, unangoja akuambie ukae wapi. Sio kwamba hawakutupenda. Walitumwa tu. Na mama zetu ndio walikuwa wanatuambia baba yenu anafanya kazi gani, kwa nini, na sisi tujiandae vipi. Kibandani pale VJ alikuwa anajaza tu, anatuambia subirini vita inakuja, na mimi nikiwa mtoto nilisubiri vita. Sasa hivi nina watoto na ile sauti ya Linda Hamilton, taratibu hivyo bila kulia, imenikamata.

Na Miles Dyson banange! Yule mwenye kutengeneza ile chipu itakayozaa mashine zenyewe, Joe Morton amemcheza. Sarah anaenda nyumbani kwake kumuua, amempiga risasi ya bega, amesimama juu yake, mtoto wa Dyson anakuja anamlalia baba yake, na Sarah anashindwa kumaliza. Anakaa chini. Yeye aliyekuwa anajigeuza mashine kwa ajili ya mtoto wake anazuiwa na mtoto wa mwingine. Halafu baadaye Dyson mwenyewe amepigwa risasi na polisi, ameshikilia kipande cha kitu juu ya kitufe cha bomu, akikiachia jengo linaenda, na unachosikia ni pumzi tu, fupi fupi, haraka haraka, polisi wameelewa wanakimbia, pumzi zinazidi kuwa fupi. Hiyo VJ alitufunikia kabisa na simlaumu, lakini inabidi uisikie.

Mwisho unaujua. Ila angalia kwamba Sarah anaipa mkono ile mashine kwanza, ndiyo anabonyeza kitufe cha kuishusha kwenye chuma kilichoyeyuka, kwa sababu yenyewe haiwezi kujiua. Hadithi iliishia hapo kwa haki, mtoto amelelewa, siku ya 29 Agosti 1997, ile ya mashine kuanzisha vita ya mabomu, haitafika, kila kitu kimelipiwa.

Ndiyo maana zile zilizofuata zinaniuma, maana kila moja lazima kwanza ifute hayo malipo ndiyo ipate kuanza. Ya tatu, 2003, ya Jonathan Mostow, Sarah ameshakufa kwa kansa ya damu na hatukumuona hata akiugua. Lakini mimi hiyo naitetea, watu waitukane watakavyo. Mwisho wake ni wa ujasiri, John anashuka kwenye handaki akidhani ndani kuna mashine ya kuzima na anakuta ni pahali pa kujificha tu, baba ya yule atakayekuwa mke wake aliwatuma huko wapone, mabomu yanaanguka, redio inaita nani yuko pale, na anajibu. Kwa mara ya kwanza yale aliyofundishwa na mama yake yanatumika.

Ya 2009 ni vumbi na vyuma, Christian Bale anapiga kelele, sina mengi.

Ya 2015 ilikuwa na hadithi nzuri mkononi, mashine imemlea Sarah tangu akiwa na miaka 9, anaiita Pops, mimi nikakaa vizuri nikasema sasa tuonyesheni huo utoto wake. Hawakuonyesha. Wanataja wanapita, wanakimbilia magari, halafu wanamgeuza John kuwa adui. John! Yule mtoto wa kaseti.

Na ya 2019 imeanza kwa kumuua John bado mdogo, mbele ya mama yake, dakika za mwanzo tu. Hapo nilizima nikaenda nje kidogo. Niliporudi nikakuta kitu ambacho nakuomba ukione hata kama umekasirika: ile mashine iliyomuua imekosa kazi, imeenda Texas, inaitwa Carl, inauza mapazia, inaishi na mwanamke na mtoto wake wa kiume na inamlea. Na Sarah, Linda Hamilton mwenyewe amerudi na mvi zake, anaingia kwenye nyumba hiyo. Unaona ukubwa wake? Aliyemnyang'anya mtoto analea mtoto. Hapo Tim Miller, mwongozaji, angekaa nusu ya filamu ningemshukuru, lakini wamepewa mazungumzo machache wakaondoka kwenda kupigana kwenye ndege.

Basi kama unakuja Idd niambie mapema ili flashi isirudi kwa mwenyewe. Ile ya kwanza na ya pili uzitazame na Amina, ameshakuwa mkubwa wa kutosha, na uache zile kaseti na jangwani ziongee zenyewe usimsimulie. Ya tatu tuiangalie mimi na wewe hapa kwangu, najua utaikataa na mimi nitakujibu.

Mama watoto anasema mje na ule muhogo wenu mkavu.

Ni mimi ndugu yako,
Baba Swaleh