Shukrani kwa Wote Mliotusaidia Kumsomea Hitima Babu Yetu Aliyezama na Meli Khedive Ismail

Assalaam aleikum. Sisi, binti, wajukuu na vitukuu wa marehemu babu yetu, askari wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki, tunatoa shukrani za dhati kwa ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliokuwa nasi Tanga, Mombasa na Nairobi katika hitima ya kutimia miaka 80 tangu azame. Ingekuwa vyema kumfuata kila mmoja nyumbani kwake. Kwa kuwa hatutaweza, tunaomba mpokee salamu hizi.

Wengi mliuliza kwa nini matanga yamekawia kiasi hiki. Babu aliondoka bandari ya Kilindini, Mombasa, mwanzoni mwa Februari 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndani ya meli Khedive Ismail, mojawapo ya meli tano zilizobeba wanajeshi kwenda Colombo. Huko Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo, ilikuwako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikijiandaa kwa vita vya Bama, ndiyo Myanmar ya leo. Melini walikuwamo watu 1,511, na kati yao 996 ni wa rejimenti yake. Jumamosi tarehe 12, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga kwa topido mbili. Baadhi ya abiria walikuwa ukumbini wakisikiliza muziki. Kwa muda wa kama dakika mbili meli ikawa imekwenda chini. Walikufa watu 1,297. Waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake 6.

Kuna jambo ambalo wazee wetu hawakuambiwa, nasi tunataka watoto walijue. Nyambizi ile ilijificha chini ya walionusurika, pale pale walipokuwa wakielea. Manowari za Uingereza, Paladin na Petard, zilikuwa na kazi ya kuzilinda meli nyingine za msafara, zikaitupia mabomu ya majini huku watu wakiwa bado juu ya maji. Mwishowe Petard iliizamisha kwa topido. Hatuketi kumhukumu aliyetoa amri ile, maana nyambizi ingeachwa ingewaua wengine. Lakini waliokufa kwa namna hiyo wana haki ya kutajwa hivyo walivyokufa.

Bibi yetu alipata habari kwamba mumewe amepotea baharini, basi. Hakukaa eda. Alisema hajaona maiti, wala hajakutana na mtu aliyemwona akizama. Kanzu ya babu ilibaki sandukuni, na kila masika yakiisha aliitoa akaianika juani, akaikunja, akairudisha, mpaka Mungu alipomchukua. Nani angethubutu kuweka matanga mbele ya macho yake? Tuliheshimu subira yake, na baada yake jambo likabaki midomoni mwa wazee tu, hadi shangazi, aliyezaliwa miezi michache baada ya meli kuzama, alipotuita na kusema hataki kufa baba yake hajasomewa.

Kwa hiyo tunaanza na sheikh wa mtaa wetu, aliyetufundisha kwa upole kwamba aliyekufa maji yumo katika daraja la mashahidi, na kwamba dua haingoji jeneza. Tunawashukuru walimu na watoto wa madrasa waliogawana juzuu wakahitimisha kabla ya adhuhuri. Akina mama mliochagua mchele usiku kucha na kusimamia masufuria ya pilau mkiwa hamjalala, Mola awalipe. Wazee mliokuja na mikongojo, mkakaa jamvini hadi mwisho, tumewaona.

Vijana wa pale kivukoni Likoni hatuwajui majina. Mlimwona mama mzee akisukumwa na umati, mkampisha, mkamkalisha upande wa ubavuni ili aitazame Kilindini. Alikuwa hajawahi kuyaona maji ambayo baba yake alipitia. Hakusema kitu hadi tukafika ng'ambo, kisha akauliza kama meli kubwa hutokea upande ule. Mmoja wenu akamwonyesha kwa kidole mlango wa bahari. Ahsante, mwanangu, anakusalimu sana.

Watunzaji wa Makaburi ya Vita ya Nairobi, Ngong Road, mlitupokea kama wenyeji. Humo ndani ndimo ulimo Ukumbusho wa Afrika Mashariki, unaowakumbuka pia askari wa mizinga waliozama na meli hii. Mlituongoza hadi kwenye jina, mkatuacha tusome kwa nafasi yetu. Shangazi alipitisha kidole juu ya kila herufi. Hapo hapo tuliikuta familia kutoka Machakos iliyokuja kwa ajili ya mzee wao, wa meli hiyo hiyo. Waliomba kwa njia yao nasi kwa yetu, tukala pamoja chini ya mti. Shangazi aliomba wanawake 77 waliozama, wengi wao wauguzi, nao watajwe katika dua, kwa sababu hawana kaburi kama baba yake asivyokuwa nalo. Wakatajwa.

Kuhusu michango: ilitumika kwa nauli, chakula na sadaka, na salio limekabidhiwa madrasa. Hesabu iko kwa kaka yetu mkubwa, anayetaka kuiona aje. Hatujachangisha fedha za kesi wala madai yoyote, na mtu akiwaombeni kwa jina letu msimpe.

Kama mzee wenu naye alikuwa askari wa mizinga, akaondoka Kilindini siku zile asirudi, mtafuteni katika orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Jaribuni jina kwa maandishi mbalimbali. La babu tulilikuta limeandikwa kwa herufi tusizozitumia, na ilibidi tulitamke kwa sauti ndipo tukamtambua. Mkimpata, tuleteeni jina lake. Tarehe 12 Februari ijayo, baada ya alasiri, tutasoma tena nyumbani kwa shangazi, Tanga, naye ataombewa pamoja na wenzake. Karibuni nyote, wa dini zote.

Wabillahi tawfiq.

Ni sisi wana ukoo,
Tanga na Mombasa.