Salamu za Shukrani kwa Waliochangia Upasuaji wa Taya ya Binti Yetu

Sisi wanafamilia wa Mbagala, jijini Dar es Salaam, pamoja na ndugu zetu wa Tanga, tunatoa shukrani za dhati kwa wote mlioshiriki kwa sala, fedha, usafiri na muda wenu katika matibabu ya binti yetu mwenye umri wa miaka 19, ambaye amefanyiwa upasuaji wa kiungo cha taya na sasa anaendelea vizuri nyumbani.

Wengi mlichanga bila kuuliza ugonjwa wenyewe ni upi, nasi tunaona ni haki yenu kuelezwa. Kichwa cha mfupa wa taya ya chini upande wa kulia, pale unapokutana na fuvu mbele ya sikio, kiliendelea kukua ilhali cha kushoto kilikwisha koma, hivyo kidevu kikasogea polepole kuelekea kushoto na meno ya juu na ya chini yakaacha kukutana. Mama yake ndiye aliyegundua, alipoweka pamoja picha zake za pasipoti za kidato cha pili na cha nne. Awali tulikuwa tumeambiwa kwamba ni jino la mwisho, likang'olewa bure.

Ili kujua kama mfupa bado unakua, alichomwa sindano ya dawa ya mionzi na kupigwa picha ya mifupa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Jina hilo peke yake lilitosha kuzua minong'ono mtaani, kwa hiyo tunasema waziwazi: si saratani, wala hakurogwa. Chanzo chake hata wataalamu hawajakijua kwa hakika. Picha ilipoonyesha kwamba ukuaji unaendelea, madaktari walishauri kupasua mbele ya sikio na kuondoa milimita 5 za juu za kichwa cha mfupa, maana ndipo ukuaji ulipo, kazi inayotaka mkono mtulivu kwa sababu mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso unapita karibu.

Shukrani za pekee ziwafikie madaktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, wataalamu wa usingizi, wauguzi, na mtaalamu wa fiziotherapia anayemsimamia katika mazoezi ya kufungua kinywa. Tunawashukuru pia majirani waliopokezana kuleta uji na mtori, wanakikoba wenzake mama, na mweka hazina wa mchango aliyeandika kila jina na kila shilingi. Wapo waliosema kwamba fedha zote hizo ni za urembo tu. Hatuwalaumu, kwani hata sisi tuliwahi kusema hivyo, mpaka tulipomwona akijifunika kidevu kwa mtandio ndani ya nyumba yake mwenyewe, na kuacha sahani ya ugali kabla ya wenzake kwa kuchoka kutafuna.

Hatua inayofuata ni nyaya za kunyoosha meno, kisha madaktari wataamua kama taya itahitaji upasuaji wa pili. Salio la mchango limetengwa kwa ajili ya nyaya hizo, hesabu yote imewekwa kwenye kundi la mchango, na kwa sasa hatupokei fedha zaidi. Mwenyezi Mungu awazidishie pale mlipopunguza.

Binti mwenyewe anawasalimu sana, na anaomba mnaokuja kumwona msimletee karanga wala miwa kwa sasa.