Barua kwa mwanangu Mwanaidi: unalala saa ngapi?

Mwanangu Mwanaidi,

Marahaba. Shikamoo yako dada yako ameifikisha, na habari ya sapu mbili, hiyo mitihani ya kurudia, ameifikisha pia. Matokeo yametoka tangu mwezi wa tatu. Ulipoulizwa mbona hukutuambia, ukasema ulisahau. Mama, kitu kama hicho hakisahauliki hivihivi. Freud, yule daktari wa Vienna aliyechunguza akili za watu, alisema mtu huweza kulisukuma mbali na fahamu lile linalomuumiza. Miaka yote niliyofundisha saikolojia chuoni sikumkubali sana mzee huyo, lakini kwa hili lako namkubali.

Hilo nimelisamehe. Linaloninyima raha ni kwamba chumbani kwenu taa haizimwi, na wiki ya mitihani unakesha siku tatu mfululizo kwa kahawa na hivyo vinywaji vya kopo. Unalala saa ngapi? Nijibu hilo kwanza kabla hujaniomba nauli.

Unasema ulisoma, ulijua, ila karatasi ilipofika mbele yako kila kitu kikayeyuka. Nakuamini. Yuko Mjerumani, Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akatoa matokeo yake mwaka 1885. Saa moja tu baadaye, zaidi ya nusu ya jasho lake lilikuwa limepotea. Kesho yake, kama theluthi mbili. Baada ya hapo upotevu hupunguza kasi. Basi ulichobugia Jumatatu usiku usitegemee kukikuta Jumatano. Kirudie kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki, na kila ukirudia funga daftari ujiulize maswali. Huko kupaka rangi kila mstari ni kujidanganya. Daftari lako nililiona ulipokuja Idi, lote njano, utadhani limemwagikiwa bizari.

Halafu usingizi. Mwaka 1924 Jenkins na Dallenbach, huko Cornell, Marekani, waliwakaririsha vijana wawili silabi kumi kumi. Wakilala kwa muda wa saa nane, wakiamka wanakumbuka nusu na zaidi. Wakikaa macho muda uleule na shughuli zao, inabaki kama moja. Wakasema kinachofuta si muda peke yake, ni mambo mapya kuyafunika ya mwanzo. Na wewe ukitoka kukesha unaongezea tamthilia kwenye simu! Unalala saa ngapi, Mwanaidi?

Najua utakalonijibu: mbona jedwali la nane sikukufundisha kwa Ebbinghaus. Kaunta buku yangu ilikuwa na haya yote hata wakati ule, kwa mwandiko wangu. Fimbo haikuwamo. Tuyaache.

Na ile ada ya mwaka wa kwanza, niliyokwambia nimesahau kwenda benki hadi ukazuiwa kuingia mtihani. Machungwa mwaka ule yalikuwa hayajalipwa. Sikusahau.

Mzee wa msikiti bado anakuulizia kila Ijumaa, "yule binti wa umeme." Mtaa mzima hapa Muheza hakuna msichana mwingine anayesomea uhandisi, nami sijamwambia mtu habari ya sapu, hata shangazi yako. Usinifanye nimwambie. Kabla ya siku yenyewe nenda ukasomee ndani ya ukumbi wa mtihani wakikuruhusu, maana mara nyingi jambo hukumbukwa vizuri pale lilipojifunzwa.

Mguu wa mama yako umepungua uvimbe ila dawa anazikwepa. Mbuzi mdogo amezaa mapacha, mmoja hanyonyi. Wachuuzi wamekuja wanataka kununua shamba lote kwa kuliangalia tu kwa macho. Nimewaambia tuhesabu tenga kwa tenga, wakaondoka wamenuna. Watarudi.

Tumekupakilia mchele na pilipili ya kusaga kwenye basi la Alhamisi, mpokee kondakta mapema. Ndoo ina mfuniko wa bluu. Irudishe, na ile ya mwezi wa kwanza pia, mama yako anachotea maji kwa sufuria.

Baba yako