Mkiandika jazz ya zamani msiiache fidla ya Stuff Smith

Mhariri habari za kazi, mimi msomaji wenu wa siku nyingi na ukurasa wa muziki ndo naanza nao kabla sijafika kwenye siasa na mpira. Makala yenu ya jazz ya zamani ilikua nzuri ila mwanzo mpaka mwisho ni tarumbeta, saksafoni na piano, fidla hamkuigusa kabisa, na hapo kuna mtu mmoja kaachwa nje mimi nimeshindwa kunyamaza, mpiga fidla wa Marekani Hezekiah Leroy Gordon Smith, wenyewe walimwita Stuff Smith.

Kazaliwa 1909 Portsmouth, Ohio, na 1928 alishakua kwenye bendi ya Alphonso Trent wakati inarekodi kwa kampuni ya santuri ya Gennett kule Richmond, Indiana. 1936 yuko Onyx Club, mtaa wa 52 New York, anaongoza kundi lake na Jonah Jones kwenye tarumbeta, na fidla yake akaitia umeme enzi ambazo wapiga fidla wengi hata hawajawaza kitu hicho. Ukimsikiliza utaona habembelezi mtu, upinde anaukandamiza mpaka nyuzi zinakwaruza halafu anabaki nyuma kidogo ya ngoma, yani unajikuta unatikisa kichwa tu.

Sasa mhariri, hoja yangu hasa ni hii. Ukikusanya santuri zake za dukani peke yake, zile za dakika kama tatu kila upande, utakua umempata nusu. Kuanzia Agosti 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani kiligoma kurekodi kwa makampuni, na kampuni kubwa zingine hazikukubaliana nacho mpaka 1944, kwa iyo kipindi chote hicho muziki upo lakini haupo dukani, upo redioni, upo ukumbini, upo majumbani mwa watu. Timme Rosenkrantz, yule baroni wa Denmark aliekua akiishi New York, alikua anawarekodi wanamuziki nyumbani kwake na Stuff Smith alikua mmoja wao. Hapo hakuna mtu wa kampuni anaeangalia saa, mtu anapiga mpaka amalize alichonacho moyoni, na kwa masikio yangu huyo ndo Stuff mwenyewe kuliko yule wa kwenye santuri.

Tatizo sahani za kurekodia nyumbani na redioni hazikua imara. Zilikua za alumini iliyopakwa tabaka laini juu, vita ilipokuja alumini ikatakiwa kwenye ndege ndo wakaanza kutumia kioo, sasa kioo kikianguka ndo basi tena, na hata kisipoanguka lile tabaka lenyewe linapasuka na kubanduka miaka ikienda. Aliechelewa kuuhamishia muziki wake kwenye kanda hana cha kuhamisha.

Na kuwa nayo tu haitoshi jamani. Santuri ya dukani ina namba imegongwa pale karibu na lebo, ukiichukua ukalinganisha na vitabu vya kampuni unapata tarehe, unajua kama ni jaribio la kwanza au la pili. Sahani ya redio unaweza kukuta haina kitu, pengine maneno mawili ya penseli kwenye bahasha, basi mtu inabidi asikilize sauti ya mtangazaji, amtambue mpiga piano kwa mkono wake, aende mpaka kwenye magazeti ya wakati huo kutafuta ratiba ya vipindi vya siku ile. Ndio, magazeti! Kazi hiyo kaifanya Mwingereza anaitwa Anthony Barnett, 1995 akatoa kitabu kizima cha rekodi na maonyesho ya Stuff Smith, na mimi namheshimu sana kwa hilo.

Kuna watu huku kwetu wana ile santuri ya mwimbaji Nat King Cole iliyorekodiwa 1956, After Midnight, wanaipenda miaka yote, ila ukiwauliza ile fidla inayomjibu Cole kwenye When I Grow Too Old to Dream ni ya nani hawajui. Ni yeye. 1965 akahamia Denmark akapiga kwenye klabu ya Montmartre pale Copenhagen, 1966 akawa Basel, Uswisi, jukwaa moja na wapiga fidla wenzake Stéphane Grappelli, Svend Asmussen na Jean-Luc Ponty, Septemba 1967 akafariki Munich.

Kwa iyo naomba mhariri, kila mnapochapisha habari ya wimbo wa zamani, uwe wa huko au wa huku kwetu, muweke majina ya waliopiga na vyombo vyao, mwaka, na waliporekodia, hata kwa herufi ndogo chini ya picha. Na wasomaji wenye kanda na kaseti ndani waandike juu ya kasha nani anapiga na lini, waandike sasa ivi wakati wanaojua bado wapo wa kuulizwa.