Barua kwa mpwa wangu anayetaka kununua gari

Mpwa wangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia asubuhi, nikaona jibu lake halitoshi kwenye simu. Naliandika hadharani kwa sababu wewe ni wa nne katika wapwa zangu kuniuliza jambo hili mwaka huu, na wote mmekuja na maneno yaleyale kana kwamba mlikaa kikao. Jina lako sitalitaja. Ukijitambua, nyamaza tu. Wenzako nao watadhani nawasema wao.

Unasema akiba imetimia na sasa unataka gari. Litakuokolea muda, watu watakuheshimu, na utaweza kumpeleka mama yako popote anapotaka. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Habari ya muda si kweli. Heshima utaipata, lakini haidumu. Hilo la mama yako ulilolitaja mwishoni, tena kwa nusu mstari, ndilo lililonikosesha usingizi.

Nianze na muda. Nilipokuwa sina gari nilikaa mwendo wa dakika thelathini na tano za basi kutoka kazini. Nikanunua gari, mwezi wa kwanza nikawa nafika kwa dakika kumi na tano, nikajiona mjanja kuliko mji mzima. Unajua zile dakika ishirini nilizifanyia nini? Nilihama. Nilitafuta nyumba kubwa zaidi, yenye uwanja, mbali zaidi, nikajiambia si nina gari. Mwaka haujaisha nikawa natumia dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi, nimezungukwa na majirani nisiowajua hata majina, na uwanja wenyewe nauona Jumapili tu. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba wajinga wa namna yangu tuko wengi. Mwaka 1994 mwanafizikia wa Italia, Cesare Marchetti, aliandika kwamba watu, kwa wastani, hutumia kama saa moja kwa siku kwa safari zao za kwenda na kurudi, na imekuwa hivyo kwa karne nyingi, iwe kwa miguu, kwa treni au kwa gari. Chombo kikipata kasi hatukai nyumbani zaidi. Tunahamia mbali zaidi, na mji unatanuka kama suruali ya mtu anayenenepa.

Foleni nayo utaitukana kila asubuhi kama tunavyoitukana sote, ukitafuta wa kumlaumu: ajali huko mbele, au askari, au mtu aliyeharibikiwa na gari. Mara nyingi hakuna. Watafiti wa Japani waliweka magari 22 kwenye njia ya duara yenye mzunguko wa mita 230, wakawaambia madereva waende kwa mwendo uleule wa kilomita kama 30 kwa saa. Hapakuwa na taa, makutano wala mtu wa kukatiza barabara. Haikuchukua muda mrefu, mmoja akapunguza kidogo, wa nyuma yake akakanyaga breki zaidi yake, na aliyefuata zaidi ya huyo, mpaka wengine wakasimama kabisa, na kule kusimama kukawa kunarudi nyuma gari kwa gari kama wimbi. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008. Tangu nisome hayo nimeacha kuuliza kuna nini huko mbele. Huko mbele tuko sisi.

Jambo moja zaidi kuhusu muda, kisha niliache. Donald Shoup, profesa wa Marekani aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza maegesho ya magari (ndiyo, iko kazi kama hiyo), alipiga hesabu kwamba gari la kawaida husimama bila kutumika kwa asilimia 95 ya muda wake. Akiba yako ya miaka itakuwa imelala chini ya mti, ikinyeshewa, ikishuka thamani, huku bima inataka chake na tairi zinaisha pumzi. Fikiri ungekuwa na mfanyakazi wa namna hiyo.

Kuhusu heshima sina mengi. Walinzi watakufungulia geti upesi. Rafiki zako watalizungumzia gari lako kwa miezi sita, kisha mmoja wao atanunua jipya zaidi, na mazungumzo yatahamia kwake.

Kinachodumu ni cheo. Ukinunua gari katika ukoo ambao wengi hawana gari, ujue umeshateuliwa kuwa dereva wa ukoo, na barua ya uteuzi hutaiona. Utaamshwa saa tisa usiku kwa sababu mtu ana ndege ya alfajiri. Utahamisha makabati. Atakuja binamu kuliazima kwa saa mbili, alirudishe kesho yake, kiti kimesogezwa nyuma, redio imebadilishwa kituo, taa ya mafuta inawaka. Ukimuuliza, utaambiwa umebadilika tangu upate gari. Mimi nilibeba cheo hicho miaka minne nikinung'unika moyoni na kucheka usoni, jambo ambalo ni ujinga, maana waliokuwa wananituma walidhani nafurahia. Siku niliyosema hapana kwa mara ya kwanza nilitetemeka kama mtu anayekiri kosa. Hakuna aliyekufa. Shangazi mmoja alininunia majuma mawili, akasahau. Wewe anza kusema hapana mapema, ukiwa bado na tabasamu. Ukingoja mpaka ulipuke, watakumbuka mlipuko tu.

Na miguu utaisahau. Hili linaniuma kuliko mafuta. Mtaa niliokaa nikiwa sina gari nilijua mbwa yupi anauma na yupi anatisha tu, nilijua nani amefiwa, nani amejifungua, duka gani linachelewa kufunga. Nilipoanza kuendesha, maisha yangu yakawa vyumba vitatu: cha kulala, cha gari na cha ofisi. Siku gari lilipokaa gereji wiki tatu likisubiri spea, nilitembea, nikakuta barabara ya nyuma ya nyumba yangu mwenyewe ina shule. Nilikuwa nimeishi pale miaka miwili.

Kuna watu watakaokwambia raha ya gari ni safari ndefu za familia. Waulize walio na watoto. Nilipowapakia wanangu kwa safari ya siku nzima, ugomvi wa kwanza ulianza kabla hatujatoka mtaani, nani akae dirishani, na wa mwisho ulikuwa kati yangu na mke wangu, nani alisema tukate kushoto. Mimi niliyeendesha sikuona mlima wala bonde lolote walilolisifia. Niliona matako ya malori. Kwa safari ya mbali mimi ni mtu wa treni, na pasipo treni, basi, kiti cha dirishani. Abiria ndiye anayesafiri. Dereva yuko kazini.

Hata hivyo safari ndefu ya kwanza kabisa ya gari ilikuwa ya familia, na hiyo naipenda. Agosti 1888, Bertha Benz alilitoa gari alilobuni mumewe Karl bila kumwambia, akawapakia wanawe wawili wa kiume, wakaondoka Mannheim, huko Ujerumani, kuelekea Pforzheim, umbali wa kilomita zaidi ya mia moja. Vituo vya mafuta havikuwepo, kwa hiyo alinunua kwenye duka la dawa huko Wiesloch kimiminika kilichouzwa kwa kusafishia madoa, akatia tangini. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia. Breki zilipochoka alimtafuta fundi viatu azipigilie ngozi. Kwenye milima wavulana walishuka wakasukuma. Huwa tunaambiwa alitaka kuuonyesha ulimwengu kwamba chombo cha mumewe kinafaa, na sibishi. Lakini Pforzheim ndiko alikokuwa mama yake. Alikuwa anakwenda kumwona mama.

Hapo ndipo nakurudia wewe na nusu mstari wako.

Babu yako, Mungu amrehemu, alichukia magari. Hivyo ndivyo tulivyojua nyumbani. Magari ni anasa ya wavivu, alisema, mtu mwenye miguu miwili na nauli ya basi anataka nini tena. Sisi watoto wake tulikua tukiamini huo ndio msimamo wake, kama vile wengine wasivyokunywa pombe. Miaka yake miwili ya mwisho miguu ilimkatalia, nikawa nampeleka hospitali kila Alhamisi ya pili. Kwenda tulikwenda kimya. Mimi na babu yako hatukuwa watu wa maongezi. Tukikaa sebuleni uso kwa uso tulizungumza habari za redio na hali ya hewa, kisha mmoja wetu anakumbuka ana kazi.

Alhamisi moja tulikwama. Lori mbele, basi pembeni, hakuna pa kutokea. Tumekaa hivyo karibu nusu saa, yeye anatazama taa za breki za lile lori, akasema, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani: "Nilifanya mtihani wa udereva mara tatu."

Sikumgeukia. Sijui nani alinifundisha siku ile nisigeuke.

"Nikafeli mara tatu," akasema. "Kurudi nyuma kulinishinda. Mara ya tatu mwalimu alicheka. Nikaja nyumbani nikamwambia mama yenu magari ni anasa."

Bibi yako alikufa bila kujua. Lori likasogea kidogo nasi tukasogea, na babu yako akaendelea: mwalimu alivyocheka, barabara ilivyokuwa ya vumbi, woga wake wa kile kioo cha nyuma kinachoonyesha vitu kinyume. Nilicheka mpaka nikalia, naye akacheka, macho yetu sote wawili kwenye matako ya lori. Kuanzia siku ile Alhamisi zikawa zetu. Alinieleza kuhusu ndugu yake waliyegombana, kuhusu kazi aliyoikataa, kuhusu mimi nilipokuwa mtoto mgonjwa. Tukifika nyumbani, tukikaa tena sebuleni tukitazamana, tunarudi kwenye hali ya hewa.

Nimelifikiria sana jambo hili. Nadhani watu wa aina yetu hatuwezi kusema mambo mazito tukitazamwa. Ndani ya gari mmekaa bega kwa bega, kila mmoja ana pa kuweka macho, mikono ya mmoja ina kazi, na hakuna anayeweza kuinuka akaondoka. Foleni ileile niliyoitukana miaka yote ndiyo iliyonipa baba yangu. Ningekuwa nimefika mapema nisingemjua. Dada yangu, yaani mama yako, ameniruhusu kuyaandika haya. Aliposikia habari ya mitihani mitatu alikaa kimya kitambo, kisha akasema ndiyo maana baba alikuwa anaufunga mlango wa gari polepole vile.

Kwa hiyo nunua. Baada ya maneno yote hayo, nunua, ila usije kwangu na hesabu za dakika. Hama karibu na kazi kwanza, uende kwa miguu au kwa basi siku za kazi, na gari liwe la yale mambo ambayo basi haliwezi. Usikopee. Mpeleke fundi wako mwenyewe alikague, asiwe fundi wa muuzaji, na ulitazame likiwashwa asubuhi likiwa limepoa, maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mengi. Tazama tarehe iliyochapwa ubavuni mwa tairi. Hakikisha stepni ipo na jeki ipo. Utashangaa ni mara ngapi hazipo.

Na mikanda, yote, ya nyuma pia. Huu mkanda wa kupita begani na kiunoni ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na kampuni ikawaachia wengine wautumie bure, lakini mpaka leo kuna wakubwa katika familia yetu wanaoamini wa nyuma umewekwa kama pambo. Barabara huua zaidi ya watu milioni moja duniani kila mwaka. Usiondoe gari mpaka usikie mlio wa kila mkanda, hata kama aliyekaa nyuma ni mtu ambaye humkatazi kitu kingine chochote.

Umenitumia picha ya lile jekundu, lililo chini kama mjusi. Ni zuri, sikatai. Lakini magoti ya mama yako unayajua. Siku ya kwenda kuliona, mchukue. Kabla hujaliwasha, kabla hujafunua boneti, mkalishe kiti cha mbele, kisha mwambie ashuke, nawe usimsaidie. Akitoka humo bila kushika mlango kwa mikono miwili, nipigie simu tuzungumze habari ya injini.

Mjomba wako