Waambieni vijana nani anamiliki masta

Kwa Mhariri,

Nimewasoma miaka mingi bila kuwaandikia, lakini taarifa yenu kuhusu Raye, yule mwimbaji wa Uingereza, imenishinda kunyamazia. Mlisema aliibuka ghafla, kisha mkawashauri vijana wetu wapakie nyimbo mtandaoni nao watafika. Ushauri huo utawagharimu, maana hauwaambii nani anamiliki masta, yaani rekodi asilia ya wimbo.

Raye alisaini mkataba wa albamu nne na kampuni ya kurekodi mwaka 2014. Miaka saba ikapita kampuni haijatoa hata moja, huku akiwatungia wengine, Beyoncé akiwemo. Mwaka 2021 alilalamika hadharani, wakaachana. Albamu yake, My 21st Century Blues, ilitoka Februari 2023 akiwa msanii huru, na Machi 2024 akazoa tuzo sita za BRIT, tuzo za muziki za Uingereza, usiku mmoja. Kabla yake hakuna aliyewahi kufikisha sita kwa mwaka mmoja. Ghafla iko wapi hapo?

Kijana wa Kayole, hapa Nairobi, alihitaji kusoma mambo mengine kabisa. Kabla ya kutoka studioni, iandikwe karatasi ya mgao: nani ametunga maneno, nani sauti, nani biti, asilimia zifike 100 na kila mmoja atie sahihi siku hiyohiyo, kwa sababu wimbo ukishavuma kila mtu hukumbuka alichangia nusu. Adai faili ya WAV, yenye ubora kamili, na kila ala kwenye faili yake, asikubali MP3 iliyobanwa ya WhatsApp. Namba ya ISRC, yaani kitambulisho cha rekodi chenye herufi na tarakimu 12, aihifadhi; akihamia msambazaji mwingine, yaani kampuni inayopeleka nyimbo kwenye majukwaa ya mtandaoni, akapewa namba mpya, hesabu ya wasikilizaji inaweza kuanza sifuri. Jina lake aliandike namna moja kila mahali, la sivyo wimbo utaangukia ukurasa wa mtu mwingine. Ampe msambazaji kazi wiki nne mapema, maana Spotify, jukwaa la kusikiliza muziki mtandaoni, wanataka wimbo upendekezwe kwa orodha zao angalau siku saba kabla haujatoka. Na ajue kwamba huko wimbo usiofikisha mara 1,000 kwa miezi 12 hauleti hata senti.

Kuna binti wa mtaa wetu wa Umoja ambaye prodyuza alipakia nyimbo zake kwa akaunti ya prodyuza mwenyewe. Zilipoanza kupigwa kwenye matatu, pesa zilimfuata mwenye akaunti, na binti hakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Tena vilabu vya mji huu viache kuwaimbisha watu bure eti wajulikane. Mwenye spika analipwa, bawabu analipwa, mwimbaji anapewa soda. Hata kwenye Skiza, ile huduma ya Safaricom ya nyimbo anazosikia anayepiga simu, tangu Sheria ya Hakimiliki ya Kenya irekebishwe mwaka 2022, mwenye wimbo anastahili asilimia isiyopungua 52 ya mapato. Mbona hamjaliandika hilo kwa herufi kubwa?

Naomba kila taarifa ya albamu ibebe mistari mitano chini yake: mtunzi, prodyuza, fundi wa sauti, msambazaji, mwenye masta. Mwandishi wenu aanze na swali hilo la mwisho. Akinyimwa jibu, chapisheni kwamba amenyimwa.

Fundi wa sauti,
Umoja, Nairobi