Barua kwa Ndahani kuhusu uwanja wetu

Kibaigwa, Kongwa
14 Septemba 2025

Ndugu yangu Ndahani,

Mbukwenyi, wewe, shemeji na watoto. Sisi huku wazima. Mama bado anasumbuliwa na magoti lakini sokoni anakwenda mwenyewe, na ameniagiza nikufikishie salamu zake kabla sijaandika jambo lingine lolote.

Nakuandikia kuhusu uwanja. Ule mpango wa kuupanua na kuukarabati, ambao tangu tukiwa vijana ulikuwa maneno ya kijiweni, safari hii umefika mezani. Kamati imeundwa, nami nimo kwa niaba ya timu za watoto na vijana. Wanunuzi wa mahindi wameahidi kuchangia, wenye malori watatubebea mchanga na kokoto bila nauli, na mwenye greda amekubali tumlipie mafuta tu. Kikao kijacho kitaamua tuanze na nini. Hapo ndipo ninapokuhitaji.

Wajumbe wengi wanataka tuanze na jukwaa kuu: paa la bati la rangi, viti vya wageni rasmi, na liwe upande wa barabara ili wasafiri wa Dar na Dodoma walione. Siwalaumu. Mwaka huu watu wameuonja mpira mkubwa. Kwenye CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Taifa Stars wamevuka makundi kwa mara ya kwanza, na hata walipotolewa na Morocco bao 1–0 kwenye robo fainali pale Uwanja wa Mkapa, huku watu walilala wakizungumza mpira. Kisha AFCON 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, inakuja kwetu, Kenya na Uganda, na ukanda huu haujaandaa fainali hizo tangu Ethiopia mwaka 1976. Huko Arusha uliko uwanja mpya unajengwa kwa ajili hiyo. Mtu akiziona picha za majukwaa yale kwenye simu, naye anatamani lake.

Mimi nimesema, na nitasema tena kikaoni, kwamba tuanze chini. Ardhi kwanza, maji, halafu milango. Jukwaa lije likute uwanja tayari.

Wewe unaujua ule udongo wetu wa mfinyanzi. Mwezi wa pili ni tope, mpira ukidondoka haunyanyuki. Sasa hivi Septemba ni mgumu kama sakafu, na huu upepo wa kusi unapeperusha vumbi hadi golikipa anafumba macho. Watoto wangu wa chini ya miaka kumi na tano wanacheza wakiogopa kuanguka. Beki anayeogopa kuanguka hajifunzi kukaba, hilo nimeliona kwa macho yangu, na linaniuma kuliko kufungwa. Jukwaa la bati haliwezi kumsaidia mtoto huyo.

Kwa hiyo nataka greda ikija isisawazishe tu juujuu. Kati ya uwanja kuwe juu kidogo na pembeni kushuke, ili maji ya mvua yakimbilie mistari ya pembeni. Kwa uwanja wa mita 105 kwa 68, kutoka katikati hadi mstari wa pembeni ni mita 34. Tukishusha sentimita moja kila mita, katikati itakuwa juu kwa sentimita 34. Mchezaji hataihisi, lakini maji yatajua njia. Pembeni tuchimbe mitaro, tuweke kokoto na mabomba yenye matundu, halafu juu tuchanganye mchanga na samadi iliyooza. Mchanga upo tele kwenye makorongo yetu, na samadi ndiyo kabisa, maboma yamejaa. Hivi ndivyo ninavyoelewa mimi. Nataka wewe uniambie kama mtelemko huo unatosha kwa udongo wa aina hii.

Kuna la pili kuhusu ardhi. Uwanja wetu umelala mashariki na magharibi. Mechi zinaanza saa kumi jioni, na anayelinda goli la mashariki anapambana na jua tangu filimbi ya kwanza. Wakati tunapanua ndio wakati wa kuugeuza ulale kaskazini na kusini. Pingamizi ni ule mbuyu. Wapo wanaotaka ung'olewe, na nimewaambia nitatoka kwenye kamati siku hiyo. Nimepima kwa kamba: tukiusogeza uwanja hatua chache kuelekea shuleni, mbuyu unabaki nyuma ya goli la kaskazini, nje kabisa ya eneo la kuchezea, na wazee wanabaki na kivuli chao. Lakini kamba ni kamba. Nahitaji vipimo vya mtu mwenye mashine.

Sasa maji, ambayo ndiyo yananinyima usingizi. Mkoa wetu unapata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Eneo la kuchezea ni mita za mraba 7,140. Kuumwagilia milimita tano tu kwa siku ni lita 35,700, karibu matangi manne ya lita elfu kumi, kila siku ya kiangazi! Mjumbe mmoja akasema tutavuna maji ya paa la jukwaa. Nikakaa nikapiga hesabu. Paa la mita 60 kwa 8, hata lisipopoteza tone, kwa mwaka mzima linakusanya kama lita 273,000. Hiyo haifiki hata siku nane za kumwagilia. Kwa hiyo pasipo kisima hakuna nyasi, na kisima kinataka mtu wa kupima maji ardhini kabla hatujatumia hela. Tukipata maji kidogo, tumwagilie siku moja kwa kuruka mbili na nyasi ziwe ukoka. Ukoka wetu unavumilia ukame, unalala kiangazi na kuamka na mvua. Tukipanda vipando mvua za Desemba zinapoanza, na tukawa na moyo wa kuufunga uwanja hadi ushike, kufikia Machi tutakuwa na kijani. Shida ni huo moyo wa kuufunga. Vijana watalalamika, na mimi ndiye nitakayesimama getini kuwazuia.

Wengine wameleta hoja ya nyasi bandia kwa mfano wa uwanja wa Kaitaba kule Bukoba. Bukoba ni mji wa mvua, Ndahani. Jua letu la saa nane likipiga plastiki ile, miguu inaungua hadi ndani ya viatu, na vumbi letu litajaa humo ndani hadi lishindikane kufagiliwa. Zikichakaa baada ya miaka kama kumi, nani atanunua nyingine? Ukoka ukifa sehemu moja, unang'oa kipando kando yake unapanda.

Udongo utakaokwanguliwa na greda usitupwe. Tuurundike upande wa magharibi uwe tuta refu, tulikate ngazi tano na kuzijengea mawe. Watazamaji watakaa jua likiwa mgongoni. Tuta la mita 100, kila mtu akipewa nusu mita ya kukaa, linachukua watu 1,000. Hilo ndilo jukwaa la kuanzia, nalo ni la watu wa mzunguko, wale wauza alizeti na wapakia magunia wanaokuja kila Jumapili mvua au jua.

Milango nimeiongelea kikaoni hadi wakanichoka. Machi 2021, wakati watu wanakwenda kuuaga mwili wa Rais Magufuli Uwanja wa Uhuru, polisi walisema watu 45 walikufa kwenye msongamano. Watu wazima na watoto, walitoka nyumbani wazima. Uwanja ule ni mkubwa na umezoea umati. Sisi tunataka kuzungusha ukuta wa matofali na kuacha geti moja la kukusanyia viingilio, halafu siku ya fainali ya ligi ya wilaya tuwaingize watu mara tatu ya kawaida! Nimeomba milango minne, upana wa kupita gari, ifunguke kwa nje, na isifungwe kwa kufuli mechi ikiendelea. Wanasema mapato yatavuja. Basi yavuje. Badala ya ukuta nimependekeza uzio wa michongoma na waya, kwa sababu kazi yake kubwa ni kuzuia mbuzi na ng'ombe. Mtu mmoja akasema minyaa ni rahisi zaidi. Utomvu wa minyaa ukiingia jichoni unaweza kumpofua mtoto, na mpira utaangukia humo kila siku. Hiyo nimekataa kabisa.

Chumba cha kubadilishia nguo tutajenga kimoja au viwili? Mimi nasema viwili, kila kimoja na choo chake, na timu ya wasichana iwe na haki navyo sawasawa na wavulana. Hivi sasa wasichana wanabadilishia nguo darasani, mmoja ameshikilia mlango. Julai wamewaona Twiga Stars wakicheza WAFCON, Kombe la Afrika la wanawake, kule Morocco, na tangu hapo mazoezini wameongezeka. Sitaki waongezeke halafu wakose pa kuvalia jezi.

Taa, vibao vya matokeo, viti vya plastiki, hayo yatakuja na hela nyingine.

Ombi langu ni hili. Njoo kabla mwezi wa kumi haujaisha, na ile mashine ya kupimia usawa wa ardhi ukiweza kuiazima. Lami ya Babati na Kondoa ni nzuri, ukitoka alfajiri jioni uko hapa. Siku mbili zinatosha: moja ya vipimo, nyingine ukae kikaoni uwaambie ulichokiona. Mimi nimeshasema mengi, wananiona kocha tu. Wewe umemwaga zege la majengo makubwa, na wengi mle ndani walikushangilia ukivaa namba saba. Watakusikiliza. Nauli nitakutumia kwenye simu, usibishane nami kuhusu hilo.

Kama hutapata ruhusa kazini, nipigie kabla ya Jumamosi ijayo nitafute mtu mwingine Dodoma mjini, maana kikao hakitatusubiri na mvua nazo hazitatusubiri. Nitakutumia pia mchoro nilioupiga picha. Uukosoe bila kunionea haya, hasa ile sehemu ya mitaro ya upande wa shule. Naogopa maji yatakimbilia kwenye madarasa.

Msalimie sana shemeji. Mwambie ulezi aliouomba nimeshamwekea debe moja.

Ndimi ndugu yako,
Stefano